Bamama, Muteremushe Mutoto Chini

Jana binti yetu alishika stuli, akasimama, akaiachilia akatembea mpaka kwa baba yake. Furaha nilipata siwezi kueleza. Na ninasema wazi: ni juu nilimuachaka chini.

Maana kuna mama moja wa familia ya bwana yangu alinisemesha mbele ya watu, eti niko muvivu, eti mutoto wa muntu hawezi kaa chini, mahali pake ni kwa mugongo. Ile maneno inaniuma mpaka leo. Mi pia namubeba na kikwembe, nikienda soko nitafanya namna gani? Lakini OMS, shirika la afya la dunia, mwaka 2019 ilisema mutoto mwenye hajafika mwaka asifungwe zaidi ya saa 1 mfululizo, na mugongo waliutaja mule mule pamoja na viti na vigari. Akiamuka, acheze chini, mara mingi kwa siku.

Sasa hapa Goma kumuacha chini iko kazi ya kweli. Mtaa wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya 2002, inje ile mawe inakata magoti, basi nilitandika mukeka ndani. Mbabula ikahamia nyuma ya nyumba, makala yake pia. Beseni nikimaliza kufua namwaga maji palepale, juu mutoto anaweza kuzama hata kwa maji ya sentimita 5. Na kila asubuhi napiga magoti natambaa vile yeye anatambaa, njo naona vitu siwezi ona nikiwa nimesimama: karanga, kifungo, kifuniko cha biki, betri ya redio. Karibu miezi 9 wanaanza kuokota na vidole viwili, kitu kidogo kinaenda mudomoni mbele hujageuka. Karanga njo naogopa zaidi.

Ukisha safisha pale, muache. Usimufate na "acha, acha, acha" siku nzima, bamama, tunaua hamu ya watoto wetu na ile neno! Yangu nilimupatia sufuria ndogo na mwiko, apige. Nilikuwa naficha kijiko chini ya kikwembe, anafunua, anacheka, tunarudilia. Na kila kitu anashika namutajia jina lake.

Yupala, kile kiti cha magurudumu, tulikataa. Canada wamekataza kuuza tangu 2004 juu watoto walikuwa wanaanguka nayo kwa ngazi, na sisi hapa mulangoni ni mawe matupu.

Na usimupime na wa jirani. Kuna wenye hawatambai kabisa, wanasimama tu siku moja. OMS ilipima watoto wa inchi 5, Ghana ikiwemo, ikatoa matokeo 2006: kutembea peke yake kunaanza popote kati ya miezi 8 na 17 hivi. Akifika 18 bado, au akitambaa anaburuta upande moja tu wa mwili, umupeleke kituo cha afya, usingoje maoni ya familia.