Kabla Hujafomati, Jua Kwanza Unafuta Kipi

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: "Kaka, kompyuta yangu imekuwa nzito mno, nimeshauriwa niifomati. Vitu vyangu vyote nimeviweka D, kwa hiyo viko salama, au siyo?"

Hilo "au siyo" limenikalia kichwani tangu niusome ujumbe wake. Nami nilikuwa na D yangu, nikailalia usingizi mzito, na yaliyonipata nitayasimulia hapa chini. Kwanza nimjibu: huenda vikabaki, huenda visibaki. D haina ulinzi wowote wa pekee. Inategemea tu yule atakayekaa mbele ya kioo atabofya nini.

Kompyuta nyingi za mkononi zina diski moja tu ndani. C na D ni vipande viwili vya diski hiyo hiyo, na vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa patisheni. Diski ina jedwali dogo linaloeleza kila patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi. Jedwali la kizamani linaitwa MBR: lilianza kutumika 1983, linabeba patisheni kuu 4 tu, na diski ikizidi takriban TB 2 linashindwa. La kisasa ni GPT, ambalo kwenye Windows linapokea hadi patisheni 128. Herufi zinaanzia C kwa kuwa A na B zilikuwa za diski laini, zile ambazo vijana wa leo wanazijua kama kialama cha kuhifadhi faili tu.

Kufomati ni jambo jingine kabisa. Unachukua patisheni moja na kuiandalia mfumo mpya wa faili, yaani utaratibu wa kupanga na kusoma faili, uwe NTFS, FAT32 au exFAT, ili ianze upya ikiwa tupu. Kinachofomatiwa ni patisheni, wala si kompyuta. Watu wakisema "nimefomati kompyuta" huwa wanamaanisha wamefomati C na kuweka Windows upya. Ukishika hapo, mengine yote ni rahisi.

Sasa kisa changu. Windows iligoma kuwaka. Wakati huo sikujua lolote zaidi ya kuandika na kuhifadhi, nikaipeleka kwa fundi mmoja aliyesifiwa sana. Nikamwambia kwa mdomo wangu: weka Windows mpya, ila D usiiguse. Akaniambia, "Usijali, bosi." D ilikuwa na maandishi yangu ya miaka, picha za familia, na rekodi za bibi yangu akisimulia hadithi za utotoni mwake. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele za haki.

Kompyuta ilirudi inang'aa, nyepesi, ina C peke yake. Nikauliza D iko wapi. Jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno: "Si ulisema ifomatiwe?"

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipojifunza mwenyewe, jinsi jambo hilo linavyotokea. Ukiwasha kompyuta kwa flashi ya kuwekea Windows, unafika kwenye kioo kinachouliza unataka kuiweka wapi. Pale hakuna herufi C wala D! Kuna orodha tu: Drive 0 Partition 1, Drive 0 Partition 2, Partition 3, kila moja na ukubwa wake. Fundi mwenye haraka hasomi. Anachagua ya kwanza anafuta, ya pili anafuta, mpaka libaki eneo moja tupu, kisha anabonyeza kuendelea. Kazi yake inakwisha upesi. Yako ndiyo inayoanza.

Ndiyo maana siku hizi nikikalia kompyuta ya mtu, kabla ya yote nafungua Disk Management, sehemu ya Windows inayoonyesha diski na patisheni zake. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, utaiona kwenye orodha. Utashangaa kukuta zaidi ya C na D: kuna kipande kidogo cha kuwashia kompyuta, mara nyingi MB 100 hivi, na kingine cha kurekebishia Windows ikiharibika. Hivyo usivichezee. Andika kwenye karatasi ukubwa wa C na ukubwa wa D. Kisha ipe D jina, mathalani KAZI ZANGU, kwa sababu jina hilo kwa kawaida huonekana hata kwenye kile kioo cha kuwekea Windows, ambako herufi hazionekani. Na usishtuke diski ya TB 1 ikisomeka GB 931. Hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Mtu ataniuliza, sasa si ungezifufua zile faili? Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi. Kufomati kwa haraka, kule kwenye alama ya Quick Format, ni sawa na kunyofoa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zenyewe bado zipo, ila hakuna kinachoonyesha nini kiko wapi, na Windows inaziona kama nafasi wazi ya kuandikia. Kwenye diski ya kuzunguka, ukiacha kuitumia papo hapo, programu za kufufua faili zinaweza kukuokoa. Kufomati kikamilifu, tangu Windows Vista, kunaandika sifuri patisheni nzima, na hapo usijisumbue. Diski za SSD, zile za kisasa zisizozunguka, ndizo kali zaidi: Windows huiarifu diski kwamba maeneo yale hayahitajiki tena, nayo huyasafisha yenyewe, hata kama ulifomati kwa haraka. Yangu ilikuwa SSD, na juu yake ilishamwagiwa Windows na programu chungu nzima. Sauti ya bibi ikaishia hapo.

Kwa hiyo ndugu yangu, nisikilize vizuri. D si nakala ya akiba. Diski ikifa, C na D zinakufa pamoja, maana ni kitu kimoja. Nakala ya akiba ni ile iliyo nje ya kompyuta: diski ya nje, au hifadhi ya mtandaoni. Nakili, kisha zifungue faili chache kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli zinafunguka. Nakili kabla ya kumwona fundi, nakili kabla ya kugusa patisheni, nakili hata kama una haraka. Najua nimeshaanza kuhubiri. Vumilia.

Halafu jiulize kama kufomati kunahitajika kweli. Uzito wa kompyuta mara nyingi ni C iliyojaa pomoni huku D ina nafasi tele. Hapo wengi hujaribu kuipunguza D na kuiongezea C, wakakuta Extend Volume, lile chaguo la kuiongezea patisheni nafasi, limefifia, halibofyeki. Sababu ni kwamba Disk Management inataka eneo tupu liwe mara tu baada ya C, ubavuni kwake kulia. Ukiipunguza D, eneo tupu linatokea mwisho wa D, ng'ambo ya pili. Mimi mtu wa namna hiyo namwambia ahamishe picha na video zake ziende D, basi. Na kama Windows yenyewe ndiyo imechoka, kuna Reset this PC yenye chaguo la Keep my files: programu ulizoweka zitaondoka, mafaili yako binafsi yatabaki. Hata hapo, nakili kwanza.

Ukichomeka flashi na Windows ikakwambia lazima uifomati ndipo uitumie, usikubali upesi. Huenda imetoka kwenye kompyuta ya Linux au ya Mac, na Windows haiujui mfumo wake wa faili. Na kama flashi ina nafasi ila inakataa video ya GB 6, hiyo ni FAT32, haipokei faili moja inayofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, mambo yatakwenda.

La mwisho kwa aliyeniandikia: angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofanya diski isisomeke bila ufunguo. Ukiweka Windows upya, D inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Kwa wengi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, na tafadhali usiuhifadhi kwenye faili iliyo ndani ya hiyo hiyo D.