Ukiambiwa "renta", uliza ya wapi na ya unene gani

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi huanzia kwenye neno lililoachwa bila kipimo. Chukua "renta". Kwa mmoja ni zege linalozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, na kwa mwingine ni vipande vinavyoishia juu ya kila dirisha tu. Tofauti yake kwa saruji na nondo ni kubwa, nayo hugundulika pesa zikiwa zimeshalipwa. Andikeni hivi kabla ya kazi: renta ya kuzunguka kuta zote, kimo mm 200, nondo 4 za mm 12, ringi (vyuma vilivyokunjwa kufunga nondo pamoja) za mm 8 kila baada ya mm 200, au kama mchoro wa mhandisi unavyosema. Kama mmekubaliana vipande, kila kipande kikalie ukuta mm 150 au zaidi kila upande. Kikikalia kidogo, ukuta hupasuka kwa mshazari kwenye pembe za dirisha, na lipu hata ipigwe mara ngapi haitaficha ufa huo.

"Mkanda", yaani zege lenye nondo linalozunguka kuta, nao uulizwe: wa chini, juu ya ukuta wa msingi, au wa juu?

Vipimo vya vyumba ndivyo vinavyowaumiza watu kimyakimya. Chumba cha mita 3.6 kikipimwa kati kwa kati, na kuta zina unene wa mm 150, ndani kwa ndani unabaki na mita 3.45. Piga lipu ya mm 15 kila upande, sasa una 3.42. Kama ulishaagiza kabati la 3.5, haliingii. Ukisoma plani, angalia mishale ya vipimo inaishia katikati ya ukuta au usoni mwake. Na siku ya kusetia msingi, skwea (unyoofu wa pembe ya kona) isikaguliwe kwa macho: pima mita 3 upande mmoja wa kona, 4 upande wa pili, mshazari utoe 5 kamili. Kisha pima mishazari miwili ya jengo zima. Kwa jengo la mstatili isipolingana, rudieni kamba kabla jembe halijagusa udongo.

Zege la "moja mbili nne" ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa ujazo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unataka mchanga lita 70 na kokoto lita 140. Toroli si kipimo mpaka mjue linabeba lita ngapi likiwa limesawazishwa. Likirundikwa, uwiano umeshaharibika. Mimi ningetengeneza sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 40 kwa 25, ambalo ni lita 35 kamili, nikampa kila mchanganyaji neno moja tu: sanduku. Maji yawe karibu lita 25 kwa mfuko, yapungue mchanga ukiwa umelowa. Zege lililoanza kukaza lisiongezewe maji ili lilainike. Litamiminika vizuri na kukauka dhaifu. Kwa mita moja ya ujazo hesabu mifuko 6 hadi 7. Jamvi (zege la sakafu) la mita 10 kwa 8 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 8, yaani mifuko 50 na kidogo.

Kitu kidogo kinachodharauliwa kuliko vyote ni biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua nondo zisigusane na mbao za fomu zinazoshikilia zege likiwa bichi. Kwa kawaida unene wake ni mm 20 hadi 25 kwa slabu na bimu za ndani, 40 kwa nguzo, 50 kwa msingi uliotandikwa zege la chini, lile jembamba la kusawazisha udongo. Zisipokuwepo, nondo hulala chini, unyevu huifikia, kutu huivimbisha na zege hubanduka vipande. Vipande vya tofali visitumike badala yake, kwa sababu hunyonya maji na kuyapeleka moja kwa moja kwenye chuma.

Nondo ya "kumi na mbili" ipimwe pia kwa mzani. Yenye mm 12 halisi na urefu wa mita 12 huwa na kilo 10.7 hivi, ikija na kilo 9, si ya mm 12. Pale zinapoungwa zipishane mara 50 ya kipenyo, yaani mm 600.

Mwisho, "kumwagilia" kuandikwe kwa siku: zege na lipu vikae na unyevu siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, na juani slabu ifunikwe kwa magunia yaliyolowa.