Meza ya duaradufu: misumari ikae wapi?

Swali: Mimi ni fundi seremala Langoni, Lamu. Mteja anataka meza ya mviringo mrefu, urefu sentimita 200, upana 120. Nilipiga misumari miwili iliyoachana sentimita 120, nikafunga uzi wa 200, nikazungusha penseli. Urefu ulikuja sawa, upana ukatoka 160. Nimekosea wapi?

Jibu: Fundi, uzi hauna kosa, misumari ndiyo iliyokaa pabaya. Penseli ikifika katikati ya ubavu, uzi hujigawa nusu kwa nusu, 100 na 100. Hapo pana pembetatu mraba: upande mrefu 100, kitako 60 (nusu ya nafasi ya misumari yako), basi kimo ni 80. Mara mbili, ndiyo hiyo 160.

Wewe unataka kimo cha 60. Chukua 100 mara 100, toa 60 mara 60, inabaki 6,400; kipeuo chake cha pili ni 80. Kila msumari ukae sentimita 80 kutoka katikati ya mbao, 20 tu kutoka nchani. Kama hesabu inakuchosha, shika sifuri ya futi kwenye alama ya mwisho wa upana, uinamishe mpaka 100 iguse mstari wa katikati wa urefu. Hapo gonga.

Kabla ya msumeno, hakiki. Toka katikati, nenda 60 kwa urefu, kisha 48 kwa upana. Alama hiyo lazima iangukie mstari wa penseli: msumari wa karibu uko 52, wa mbali 148, jumla 200. Jumla hiyo haibadiliki popote ukingoni, na hiyo ndiyo maana ya duaradufu.

Usitumie mshipi wa kuvulia, unanyumbuka. Uliwahi kuniaibisha nikipima kitalu cha maua hapa Malindi, kikatoka kama kiazi. Waya mwembamba ni bora, na fundo lisihesabiwe ndani ya 200.

Ukitia mkanda wa njumu (urembo unaopachikwa ndani ya mbao) wa sentimita 5 pembeni, usichore duaradufu ya pili ya 190 kwa 110. Nchani na katikati ya mbavu utapata 5 kamili, lakini kwenye mapindo mkanda utapungua milimita moja na nusu hivi, na kwenye njumu jicho huliona hilo. Toboa kibao, chomeka penseli sentimita 5 kutoka ukingo wake, ukitambaze kando ya meza iliyokwisha kukatwa.