Jibu: Seti ya kubadilishia kaliba au bastola kamili ya .22?

Ndugu, umeuliza kama mwenye bastola ya CZ 75 ya 9 mm huko Marekani anunue seti ya Kadet (sehemu ya juu na magazini za kuifanya CZ hiyo irushe risasi ndogo za .22 LR) au Ruger Mark IV, bastola kamili ya .22.

Kama unataka kuzoea triga na kitako cha CZ yako kwa risasi za bei nafuu, chukua seti. Kwa sheria ya shirikisho silaha ni fremu (sehemu ya chini yenye kitako na triga), hivyo seti huuzwa kama kipuri. Ila kuzoea teke la 9 mm (bastola inavyorudi nyuma ukifyatua) haitakufundisha.

Kukwama kwa risasi ndiko kunakowachosha wengi. Risasi ya .22 haina nguvu nyingi, kwa hiyo slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua) isiporudi hadi mwisho, ganda hubaki kwenye tundu la kutokea. Tumia risasi za kasi zenye uzito wa greni 40 zilizopakwa shaba, acha zile za mwendo wa chini. Unapojaza magazini, ukingo wa ganda la juu ukae mbele ya ule wa chini, la sivyo zitashikana. Masizi na nta hujaa haraka kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi), isugue kila baada ya risasi mia chache.

Kwa shabaha tupu, Mark IV ni bora zaidi: mtutu hauchezi, na hufunguka kwa usafi kwa kitufe kimoja tu.