Kabla Hujafomati, Tazama Saa

Kijana mmoja wa Kakamega ameniuliza aanzie wapi akitaka kuwa fundi hodari wa kompyuta. Ndugu yangu, anzia kwenye saa.

Juzi niliitwa saiba moja hapa Kondele, Kisumu. Mashine zake ni zile kuukuu zilizoletwa kutoka Uingereza. Kila asubuhi tovuti zinakataa kufunguka, kivinjari kinadai si salama, na waliokuja kwa ajili ya KRA na eCitizen wanaondoka wakinung'unika. Fundi aliyenitangulia alizifomati zote, yaani alifuta kila kitu na kuweka Windows upya, akalipwa, na tatizo likarudi. Akamshauri mwenye saiba anunue madabodi mpya, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta.

Nilitazama pembeni mwa skrini, chini kulia. Mwaka 2012.

Basi sikiliza. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini ni 2012 huona cheti hicho hakijaanza kutumika, nayo inakataa kuzungumza na tovuti hiyo. Usitegemee intaneti iisahihishe saa hiyo pia, maana Windows ya kompyuta ya kawaida haikubali kurekebisha saa iliyopotoka kwa zaidi ya saa 15.

Chanzo kilikuwa kile kibetri cha duara kwenye madabodi, CR2032 cha volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa, saa yake hula stima ya ukutani. Stima ikikatika, hula betri, na betri ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya zamani ya kiwandani. Mama mwenye saiba huzima swichi kubwa kila jioni, na ana sababu zake, lakini betri za zamani haziwezi kuhimili hivyo miaka nenda miaka rudi.

Nilibadilisha betri zote. Dell moja ikagoma kuwaka, ikaleta skrini ya buluu. Hapa ndipo wengi hukimbilia kufomati! Mimi nilibonyeza F2, nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayoiamsha kompyuta, nikakuta kutoa betri kumeifuta na diski imerudi kwenye RAID ilhali Windows ilipowekwa ilikuwa AHCI; hizo ni njia mbili tofauti za kompyuta kuzungumza na diski. Nikairudisha AHCI, ikawaka na mafaili yote yapo.

Nilipotaja malipo nikaambiwa, "Fundi, si umebadilisha betri tu?" Nikapewa nusu. Bado inaniuma. Aliyefomati bila kutibu chochote alilipwa yote, kwa kuwa alionekana akihangaika kutwa.

Vijana, msivunjike moyo kwa hayo. Jifunzeni BIOS ukurasa kwa ukurasa, mjue kila mpangilio unafanya nini na unaathiri kifaa gani. Anayejua kufomati tu hajajua kompyuta. Mteja asipothamini leo, saiba jirani itasikia.

Kabla ya kutoa betri, piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu, hasa ya diski na ya mpangilio wa kuwaka. Na betri mpya ipime kwa mita ukiwa bado dukani. Ikisoma chini ya volti 3, mrudishie muuzaji papo hapo.