Oktoba Ikifika, Usipeleke Sambusa Peke Yake

Wazazi wenzangu mnaosomesha Uingereza, ujumbe wa Oktoba mnaujua: Mwezi wa Historia ya Watu Weusi umefika, tunaomba nguo za asili na chakula cha kwenu. Kwa hilo hatujambo. Kanga zinapigwa pasi, sambusa zinakaangwa usiku. Sina ugomvi na sambusa. Ila mwezi huu, ulioanza London mwaka 1987 kwa juhudi za Akyaaba Addai-Sebo kutoka Ghana, ni wa historia, na mtoto anayetaka kujua watu wetu walifanya nini hajibiwi kwa sahani.

Nimeingia madarasani kama mzazi mgeni mara nyingi, na ushauri wangu ni huu: Septemba mwulize mwalimu wa darasa wanasoma nini muhula huo, kisha tafuta mtu mmoja anayeingia humo. Mmoja tu. Ukuta wenye picha za mashujaa ishirini watoto huupita kama tangazo la kituo cha basi.

Wakisoma wafalme wa ukoo wa Tudor, mpeleke John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi wa Henry VIII, aliyechorwa kwenye hati ya mashindano ya mikuki ya wapanda farasi ya mwaka 1511. Aliomba ujira wake upande kutoka peni 8 hadi 16 kwa siku, akapewa. Kama mko Bristol, basi ni Paul Stephenson, aliyeongoza watu mwaka 1963 kususia mabasi ya kampuni iliyokataa kuajiri weusi kama wahudumu wa mabasi.

Mimi hupenda kuwapeleka Chuma na Susi, Waafrika waliosafiri na mpelelezi Mskoti David Livingstone, maana Livingstone shuleni wanamsikia. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wakauzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Karibu na Tabora Mwingereza mmoja aliwashauri wauzike huko; wakakataa. Mbele wenyeji hawakutaka maiti ipite, basi wabebaji wakaufunga upya mwili kama robota la nguo. Hapo darasa zima huwa limesimama. Halima, mpishi, naye alikuwemo msafarani. Kisha nawaonyesha picha ya jiwe la kaburi la Livingstone pale kanisa la Westminster Abbey, London: limeandikwa kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu. Majina ya waliombeba hayapo. Sisemi neno. Watoto wenyewe huuliza: mikono ya nani?

Jiandae na swali la utumwa. Chuma mwenyewe aliokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka ule ule aliokufa Livingstone. Kuna mtoto atauliza nani alikuwa akiuza. Usikwepe. Pwani yetu ilikuwa na waliouzwa na waliouza, na mtoto wa miaka tisa akiambiwa ukweli kwa upole anaubeba vizuri kuliko wazazi wengi ninaowafahamu.

La mwisho ni la nyumbani. Mwulize mwanao kwanza kama anataka uje. Akiwa mweusi peke yake darasani, mwombe mwalimu asimwite mbele kueleza Afrika. Mtoto aliyezaliwa Leicester atajua nini kuhusu Bagamoyo kuliko wenzake? Wangu aliniruhusu kwa sharti moja, nisimtaje wala nisimtazame. Alikaa nyuma, akasikiliza kama wengine, na alipofika nyumbani alitaka kujua robota ni nini.