Swali: Sokoni mtoto anahesabu vizuri, ku tablo anapotea. Shida iko wapi?

"Salama mwalimu. Nafundisha darasa la ine hapa Goma. Mu klase yangu kuna watoto wanauza mandazi na makala (makaa ya kupikia) na mama zao huko Birere. Ukimuuliza mandazi 6 za franka 250 anasema 1500 palepale, lakini nikiandika 250 × 6 ku tablo ananiletea 3000. Waliniambia nitumie kazi za watu mu hesabu, nimeweka mandazi mu kila problemu na bado. Nifanye nini?"

Salama mwalimu mwenzangu. Hiyo 3000 naona kwenye inatokea: 6 mara 0 ni 0, 6 mara 5 ni 30, anashika 3, kisha anaongeza ile 3 juu ya 2 KABLA ya kuzidisha, inakuwa 5, mara 6 ni 30. Huko Recife, Brazili, watafiti walipima watoto wachuuzi, wakatoa matokeo 1985: hesabu za barabarani walipata karibu 98 kwa 100, zilipoandikwa ku karatasi namba tupu wakashuka karibu 37. Muuza nazi mmoja wa miaka 12 alifanya 35 × 4 kichwani akapata 140, ku karatasi akaandika 200, kosa lilelile la watoto wako.

Kwa hiyo akili anayo, kinachokosa ni njia ya kutoka kwa hesabu yake kwenda kwa yako. Mwache aseme kwa sauti namna anavyofanya, wewe andika kama anavyosema: mbili ni 500, ine ni 1000, sita ni 1500. Kisha pasua 250 pamoja nao: 6 za 200 ni 1200, 6 za 50 ni 300, jumlisha. Ile ya kushika namba ije mwisho kabisa, wakishaona ni ufupi wa hii, na kila mara kabla ya kuandika waulize mteja atalipa kama ngapi, 3000 itawashtua wao wenyewe.

Sasa juu ya kazi za watu. Kuandika "chukudu ina mifuko 5, ongeza 3" hiyo si hesabu ya chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubeba mizigo), ni 5 + 3 tu umeivalisha nguo. Tafuta kitu mwenye kazi anachoamua kweli. Mifuko 23 ya makala, chukudu inabeba 4, atapiga safari ngapi? Kitabu kinasema 5 baki 3, lakini yeye lazima apige 6, juu ile mifuko 3 haitatembea yenyewe! Hapo mtoto anaelewa baki ni nini. Kwa la tano na la sita nenda kwa fundi wa kushona: kitenge cha yadi 6, yadi ni sentimita 91.44, robo moja (gauni) inakula mita 1.80, zitatoka ngapi na kitabaki kipande gani? (Zinatoka 3, kinabaki kama sentimita 8 na nusu.)

Ukialika masoni (fundi wa kujenga) ao mama fundi wa kushona mu klase, usimwambie atueleze kazi yake, watoto watalala, mwombe alete hesabu moja aliyofanya wiki hii na waipige pamoja naye.

Na tafadhali, yule anayeuza mandazi usimsimamishe mbele kila siku kama mfano, wengine watamcheka. Mpe kikundi awaonyeshe wenzake namna ya kurudisha chenji.